Koti la Bwana Shauri

Jumatatu, 9 Agosti 1993

Kitambaa nimepata! Baba mdogo Abdulhamidi kanikatia yadi tatu dukani kwake, bure kabisa. Bluu iliyoiva. Kasema ni sufu halisi ya Uingereza, mzigo mpya, siku hizi kila kitu kinaingia. Sharti moja tu — siku ya mchezo jina la duka lake litangazwe jukwaani. Mhisani! Haya, litangazwe.

Mchezo ni Jumamosi ya tarehe 21. Msichana mwenzangu Hana ndiye atakayeigiza Bwana Shauri, mkoloni anayekuja kuhesabu ng'ombe wa watu. Wavulana wa kikundi chetu cha maigizo wamekataa kumwigiza, eti koti la mkoloni ni nuksi. Waoga wakubwa. Hana ni mrefu kuwapita wote, na akikunja uso hata mimi rafiki yake naogopa.

Jumatano, 11 Agosti

Nimekata. Mgongo, vifua viwili, mikono. Mama kaniachia cherehani yake tangu asubuhi. Kitambaa kinateleza kama bamia! Sindano mbili zimevunjika. Sufu gani hii? Kabla sijakata Mama alikipapasa, akakirudisha mezani, akaenda zake jikoni.

Alhamisi, 12 Agosti

Nina hasira hata kuandika siwezi vizuri.

Nilitaka kunyoosha mshono wa bega. Pasi ya mkaa, si moto sana, nilijaribu kwanza kwenye kanga. Nikaigusisha tu — ikanata! Nilipoinyanyua ikaondoka na bega. Tundu kama kiganja. Nyumba nzima inanuka plastiki.

Nikachomoa uzi nikauwasha kwa kiberiti. Sufu ikiungua hunuka nywele, hilo hata mtoto wa fundi anajua. Huu umejikunja ukawa donge jeusi, gumu. Sufu ya Uingereza! Labda Uingereza ya ndoo za plastiki.

Ijumaa, 13 Agosti

Nimekwenda dukani. Shikamoo, marahaba, nikamwonyesha lile bega lenye tundu na lile donge. Baba mdogo akacheka mbele ya wateja.

"Johari, hili ni soko huria. Mnunuzi afungue macho."

"Mimi sikununua, baba. Ulinipa. Tena uliniambia ni sufu."

"Basi cha bure unakilalamikia nini?"

Nikachukua donge langu, nikatoka. Jibu ninalo sasa, nimekaa kitandani, halina faida. Nililalamikia uongo! Kitambaa angenipa hata gunia ningeshona, ila aseme ni gunia.

Hana ananiambia tuachane nacho, mnadani kuna makoti ya mitumba mazuri, kafa Ulaya, unavaa unaondoka. Sitaki. Nimeanza kwa mkono wangu nitamaliza kwa mkono wangu. Nimekata bega jingine. Siliwekei pasi, nalikandamiza kwa matofali.

Jumapili, 15 Agosti

Mazoezi. Hana kavaa koti juu ya shati jeupe la kaka yake. Upepo wa hapa Mandewa ulikuwa unapuliza vumbi na baridi, lakini mle ndani, anasema, ni tanuri. Akatoka jasho. Alipovua — shingo bluu! Shati bluu, makwapa bluu. Wavulana wakagaragara kwa kicheko, wakamwita Bwana Wino. Hana hakucheka. Alilia njiani, na kaka yake hajaliona shati bado.

Nitaweka bitana ya shuka kuukuu, koti zima mpaka kola.

Jumanne, 17 Agosti

Bitana imekaa. Vidole vimetoboka. Kola bado.

Jumatano, 18 Agosti

Nilipeleka chakula cha mchana dukani. Nikamkuta mama mmoja amesimama na kifurushi. Anaitwa Redempta, kiongozi wa kwaya huko Mitundu. Walilima alizeti ya kikundi, wakauza, wakanunua jora zima kwa baba mdogo. Sketi za wanakwaya ishirini na wanne, kwa ajili ya kipaimara. Akafungua kifurushi. Bluu ile ile! Na blauzi nyeupe zimeharibika kama shati la kaka yake Hana.

Baba mdogo anamwambia sabuni yenu ya kienyeji ndiyo kali. Kisha akaniona.

"Muulize huyu binti yangu, ndiye fundi. Ameshona koti la kitambaa hiki hiki. Johari, lina shida yoyote?"

Anatabasamu! Alijua! Tundu aliliona, donge aliliona. Alidhani nitasema nini?

Tangu baba afe, ndiye anayetulisha. Nalijua hilo. Nililifikiria pale pale, chakula kikiwa mkononi.

"Linachuja, mama," nikamwambia Redempta. "Na si sufu. Ukiweka pasi linayeyuka."

Redempta hakunishukuru. Alinitazama tu, akaanza kukunja zile sketi moja moja.

Alhamisi, 19 Agosti

Mama hakula jana wala leo. Anasema nimemvua nguo baba yangu mdogo sokoni. Nikamuuliza, na waliovuliwa kule Mitundu? Akasema nyamaza. Baadaye akasema kwa sauti ndogo kwamba kitambaa alikijua tangu siku ile alipokipapasa. Alikijua! Na akaniacha nikate!

Kola imeisha.

Saa kumi hii. Baba mdogo kaja, tena kaja na Redempta mwenyewe. Wako barazani. Namsikia baba mdogo anamkaribisha Redempta kiti, anambembeleza, maji ya kunywa, pole na safari. Kisha anamwambia mama kwamba mtoto alikosea, aliunguza kwa pasi akaona haya, sasa atoke aseme mwenyewe mambo yaishe kifamilia.

Mama amekuja mlangoni mara mbili. Mara ya pili hakuniita kwa jina, kasema tu, "Tunakula kwake, mwanangu."

Nimetafuta kipande cha kitambaa kilichobaki. Nimechukua na leso yangu nyeupe, na bakuli la maji. Nitakilowesha nikisugue kwenye leso mbele yao wote, wajionee wenyewe —

Naja, mama. Naja.