Walidhani Ni Mashine ya Kusaga Nyama

Jumamosi, Tukuyu mjini. Mvua imeachia mchana kidogo tu, sasa imerudi, na ukungu umeshuka mpaka kwenye vibaraza vya maduka. Nimekaa kwenye kafe ya intaneti na viatu vyangu bado vina tope la Masukulu. Nina hasira. Nasema mapema ili anayesoma asinisubiri nitulie.

Leo baba mdogo amesifiwa kwa risasi zangu.

Baba yangu alikuwa mlinzi kwenye mashamba ya chai. Kazi yake ilikuwa kuwaua ngedere na nguruwe pori walioharibu bustani za wafanyakazi. Shamba lilipobinafsishwa, meneja wa zamani aliondoka, akamwachia kwa kibali bunduki ndogo ya mtutu mwembamba pamoja na vifaa vya kujazia risasi. Wenye bunduki huku kwetu hununua risasi dukani, au hushindilia magobore yao. Baba alikaa mezani. Aliyasafisha maganda yaliyokwisha kupigwa, akaweka fataki mpya ya kuwashia, akapima baruti kwa mizani ndogo kama ya sonara, kisha akakibana kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda kwa mashine ya mkono iliyofungwa pembeni mwa meza. Mimi ni mtoto wake wa pekee. Alinifundisha.

Alichosisitiza zaidi ni wepesi. Mifereji iliyo ndani ya mtutu wa bunduki ile inajizungusha taratibu. Kichwa kifupi na chepesi hutoka kimetulia na kufika kilikotumwa. Kirefu na kizito hutoka kikiyumba, na kikifika mbele kinagonga kwa ubavu. Watu walimcheka. "Risasi gani hiyo, kama punje ya mtama?" Akawaacha wacheke.

Mwaka jana alifariki. Kwa mila yetu mali ya marehemu huenda kwa ndugu yake, watoto baadaye. Wazee wa ukoo wakakaa sebuleni kwetu kugawa. Bunduki akapewa baba mdogo Asajile, naye akafuata leseni polisi. Walipofika kwenye meza ya baba, mzee mkubwa wa ukoo alishika mpini wa mashine, akaupandisha na kuushusha, akatoa hukumu.

"Hii ya kusagia nyama ibaki na wanawake."

Mizani ikaenda na mashine. Faneli ikaenda na mashine. Hata kopo la baruti lilikwenda, maana walidhani ni pilipili manga. Mama alinitazama. Mimi nikatazama dari.

Kwa hiyo yeye ana bunduki, na mimi nina kinachoifanya ipige.

Ningeweza kuishi hivyo miaka yote bila kumwona, kama si mahindi. Mama ana shamba moja tu, kule Masukulu, na ngedere wameligundua. Baba mdogo analitaka shamba hilo apande chai, kwa kuwa siku hizi wanunuzi binafsi wanaleta magari hadi barabarani kuchukua majani. Alimwambia mama mbele ya wazee, "Shemeji, msimu huu mahindi yakiliwa, naleta miche. Shamba lisilolindwa ni pori." Mwenye bunduki ya kulinda ni nani? Ni yeye.

Akalinda. Juzi alikuja na risasi nzito alizopewa na rafiki yake wa Mbeya, ndefu, zinang'aa. "Kitu kizito ndicho kinaua," akatuambia. Akapiga. Ngedere mmoja aligeuka akamtazama, akaendelea kumenya hindi. Jirani yetu, Mama Subi, alijishika kiuno.

"Asajile, huyo hakukimbia. Anakungojea umalize."

Watu walipotawanyika nilikwenda kuangalia mgomba uliokuwa nyuma ya yule ngedere. Tundu lilikuwa refu, kama la ufunguo. Risasi ilikuwa imeingia kwa ubavu. Baba angenionyesha kwa kidole tu.

Jioni ileile baba mdogo alikuja nyumbani Bulyaga. Alikunywa chai ya mama yangu, akajipangusa mdomo, akasema kuna mtu amemkumbusha kwamba kaka yake alikuwa na mashine. Niipeleke kwake.

"Ile ni ya jikoni, baba," nilimjibu. "Wazee walishagawa."

"Usinichezee, binti."

Alipoondoka nilidhani mama atakuwa upande wangu. Akasema, "Mjazie baba yako. Mahindi hayajui nani anamchukia nani."

Nilimchukia na yeye kwa muda wa kuosha vikombe.

Jana nimejaza. Nakiri kwamba nilipokuwa napima baruti niliwaza kumharibia. Si lazima ziwe zote. Moja tu ingetosha. Nimesoma, najua ganda lililojazwa kwa chuki linaweza kumfanya nini mtu aliyeweka shavu kwenye kitako cha bunduki. Sikufanya. Sitaki mtu aseme ni huruma. Ile ni meza ya baba, na juu yake hakuna risasi mbovu iliyowahi kutoka.

Zikatoka nzuri kama zake. Hilo nalo liliniudhi.

Leo asubuhi wazee walikuja shambani kuona kama kijana wao ataaibika tena. Nilikuwa nimezifunga risasi kwenye pindo la kanga. Baba mdogo akanyoosha mkono. Mimi sikunyoosha wangu.

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Kwamba mahindi yakipona, shamba ni la mama na miche yako haiji huku."

Akacheka, akawatazama wazee awape kicheko hicho. Hawakukipokea. Ngedere walikuwa wameshaingia mstari wa kwanza, tunasikia mabua yakivunjika.

"Sema, baba, wenzako wanakula!" Mama Subi akapiga kelele.

Akasema. Alisema kwa meno, lakini kila mtu alisikia. Nikafungua pindo.

Risasi ya kwanza, ngedere mkubwa alianguka palepale alipokuwa amekaa. Ya pili ikamwangusha aliyekuwa juu ya kichuguu. Kundi lote likatimkia mtoni, na shamba likawa kimya.

"Ndaga fijo!" mzee mkubwa akamshukuru, akimpigapiga begani. "Huo ndio mkono wa kaka yako! Na risasi zake marehemu alizoacha, mwone, hata kaburini anatulinda."

Walidhani ni akiba ya baba. Baba mdogo alijua sivyo. Alinitazama mara moja, akatazama pembeni, akazipokea sifa zote. Nilisimama pale kwenye matope nikisikia masikio yanawaka.

Kisha, kwa kuwa hawezi kuondoka mahali bila kuchukua kitu, aliniambia, "Jumatatu nakuja kuchukua ile mashine."

Mzee akageuka. "Mashine gani?"

Ilikuwa zamu yake kusema. Angesema ni ya risasi, wazee wangeuliza nani kazijaza hizi, na ule mkono wa kaka yake ungekuwa mkono wangu.

"Ile... ya kusagia nyama."

"Asajile! Mwanaume mzima unagombea vyombo vya jikoni na mjane? Tuligawa. Imekwisha."

Mama aliinama kuokota hindi lililovunjika, mabega yakimtetemeka. Hakuwa analia.

Baba mdogo hasomi blogu. Akisoma, asome. Ngedere watarudi, ni ngedere, na risasi nilizompa zitakwisha. Atakuja tena Bulyaga, atakunywa chai, ataomba. Nitamjazia moja moja, nzuri zote, mpaka mama avune.

Hasira haijaisha. Nimeokota maganda yote matopeni, ndiyo nitakayojaza tena, kabla hajakumbuka kuyaokota yeye. Yako kwenye mkoba wangu hapa, yanagongana kila nikisogea.