Mfalme Wangu Alikuwa Bado Katikati

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na watoto. Mnaendeleaje? Huku tu wazima. Baba anakula vizuri, ila kikohozi cha asubuhi hakijamwachia. Najua unasubiri neno moja tu: je, anahamia kwako? Haji, dada. Na kosa ni langu.

Unakumbuka pasi ilivyounguza suruali ya mteja, moshi ukajaa chumba cha ushonaji huku Baba amekaa palepale akitunga uzi. Wiki mbili baadaye ikaungua meza. Nikamwambia sasa basi, aje akae kwako. Akacheka. Akasema hafukuzwi na mtoto ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kufunga vifungo. Nikimshinda sataranji mara moja tu atafunga mizigo mwenyewe, nikishindwa nisilitaje tena jambo hilo. Tukapeana mikono, na kinyozi wa jirani akawa shahidi, maana yule kwa umbea hana mpinzani.

Tukaketi Jumamosi mchana, mimi na kete nyeupe. Mkono ulikuwa unaniwasha. Nilivyomwona anavyokodolea ubao macho, nikasema moyoni, mzee kwisha habari yake. Nikamtoa malkia mapema, farasi mmoja nyuma yake, nikawasukuma hata askari waliotakiwa kumkinga mfalme wangu, wote mbio kule alikojificha mfalme wake. Kinyozi akapiga mluzi. Kete zangu nyingine zilikuwa bado zimelala, na mfalme wangu yuko katikati, hana hata mlango.

Baba hakubabaika. Alimkinga mfalme wake kwa farasi mmoja, kisha akasogeza askari wa katikati, polepole kama anayepima kola. Njia ya kati ikafunguka. Malkia wangu akaanza kukimbizwa huku na huku, na kila akikimbia Baba anatoa kete mpya. Mwisho ngome yake ikashuka moja kwa moja hadi kwa mfalme wangu. Nilitamani kuwaita askari wangu wamkinge, lakini katika sataranji askari harudi nyuma. Kinyozi akanipa pole, akaenda kuutangazia mtaa mzima.

Sasa nikueleze nisilomweleza mtu. Siku moja kabla ya mchezo, Baba alipokwenda kupima macho, niliuza cherehani yake. Nilikuwa na hakika nitashinda, nikaona nipunguze mizigo. Nikamdanganya kwamba iko kwa fundi inasafishwa. Nimemfuata mnunuzi mara tatu. Alishamuuzia msafiri asiyemjua hata jina.

Kwa hiyo Baba amebaki, kwa haki yake, na mimi sina uso wa kumwambia aondoke wala cha kumpa afanye. Kila asubuhi anafungua duka, anavaa futi shingoni, anakaa mbele ya pengo ilipokuwa cherehani. Jana nilimkuta miguu yake inakanyaga sakafu tupu. Nikatoka nje nikalia. Nimekwama, dada, sijui nianzie wapi.

Msalimie shemeji, wanangu wape mabusu. Baba naye anakusalimu sana. Anaomba umtumie vipimo vya mabega na kiuno. Anasema cherehani ikirudi tu kutoka kwa fundi, gauni lako ndilo la kwanza.

Ni mimi,
kitindamimba wenu