Chapati Zilizongoja Pasaka Iishe

Wajina wangu Baraka,

Huku Bladensburg, Marekani, tu wazima, ila bibi yako bado ananinyima chumvi. Unauliza uache kufunga Kwaresima kwa kuwa wenzako bwenini wanakucheka?

Ujanani nilifanya kazi ya kumtunza bibi mmoja mzee, Myahudi, katika mji jirani wa Rockville. Alipenda chapati zangu kuliko dawa zake. Ikaja Pasaka yao, ambapo hawagusi unga ulioumuka. Nikampelekea chapati.

"Mama, sikutia hamira!"

"Unga ulioukanda uliuacha ukae?"

"Kidogo tu, ulainike."

"Basi umeumuka. Kale nje, mtundu wewe!"

Nikala kibarazani na baridi. Yeye dirishani anatafuna mkate mkavu kama kadibodi, macho kwenye chapati zangu. Tulikuwa wawili tu, nani angejua?

Sikukuu ilipoisha, hata salamu hakunipa. "Chapati ziko wapi?" Akala tatu.

Funga, wajina. Pasaka ikifika, ule mpaka hao wachekaji wakuogope.

Babu yako, mla chakula kisicho na chumvi