Gari la Taa Moja

Kurikka,
Februari 9

Kaka yangu Jarkko,

Habari za Kiruna, na mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho uliandika kwamba mmebadilishiwa zamu mgodini, na kwamba mgongo unakusumbua ukisimama kwenye baridi kungoja basi. Natumai umepata nafuu. Sisi huku tupo, tunasukuma siku. Theluji imefika madirishani, paka wa Baba bado yu hai na bado hanipendi, na mimi kwa mwili sijambo. Moyo ndio umechoka. Ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu, maana kwenye simu ningekata maneno kabla sijafika.

Hukuja kumzika Baba mwezi wa Novemba. Watu walinong'ona, unawajua. Mimi sikukulaumu hata kidogo, na ukimaliza barua hii utaona kwamba sikuwa na haki hiyo.

Nianze na habari za kazi. Unamkumbuka Eetu Kanerva, yule niliyesoma naye, ambaye baba yake alikuwa fundi wa matrekta? Miaka mitano amejifungia kwenye jengo la kile kiwanda cha maziwa kilichofungwa, anatengeneza mchezo wa kompyuta. Mchezaji anapewa banda, mkweche wa gari, na vipuri vilivyotapakaa shamba zima, naye anaunganisha bolti kwa bolti mpaka gari liwake. Basi, ni hayo tu. Hakuna bunduki wala mashindano. Mkewe alishamwambia kwamba mchezo usiponunuliwa hadi kiangazi, atarudi kulehemu matrela kama binadamu wengine. Eetu akaja kwangu na kofia mkononi, akaniomba nimchoree picha ya jalada, ile ambayo mnunuzi anaiona kwenye duka la mtandaoni kabla hajaona kitu kingine chochote.

Nilichora wiki mbili. Niliweka kila kitu: banda, injini inayoning'inia kwenye mnyororo, spana ukutani, sauna, ziwa, misonobari, hata mbwa. Kwenye kioo changu kikubwa cha kompyuta ilipendeza sana. Eetu alinipeleka kwenye mkahawa wa kituo cha mafuta, ambako wazee wanashinda na kahawa zao, akaipunguza picha kwenye simu mpaka ikawa na ukubwa wa stempu, akamwonyesha Mzee Väinö kwa muda wa kupepesa jicho, kisha akamuuliza ameona nini.

"Leo Alhamisi," Väinö akasema. "Hiyo si ile supu ya njegere ya kila Alhamisi?"

Meza nzima ilicheka, nami nikacheka nao, halafu nikarudi nyumbani nimenuna. Siku ya pili Eetu alinieleza kwa upole kwamba dukani picha yangu itasimama katikati ya mamia ya picha nyingine, zote ndogo, na jicho la mnunuzi linazipita bila kusimama. Kwa hiyo nitafute kitu kimoja tu, kinachoonekana hata kikiwa kidogo, na rangi zake zisigombane. Halafu nisiahidi kisichokuwamo. Alisema nisimwekee mlima wala mrembo, maana mtu akinunua akakuta banda na kutu atamtukana mbele ya dunia nzima.

Nikachora gari jipya linalong'aa. Wazee wakasema ni tangazo la bima. Nikachora spana peke yake. Wakasema ni mfupa wa samaki. Eetu alianza kukonda, na mimi nikaacha kumpokelea simu.

Mwezi wa Desemba nilikwenda kwenye banda la Baba kutafuta kutu ya kweli ya kuchora. Nilifunua turubai. Lilikuwa pale pale, Jarkko, lile gari Baba alilolijenga kwa majira mawili ya baridi kutokana na magari mawili mafu, na ile rangi ya njano iliyobaki kwenye mashine ya kuvunia. Tangu ile Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, hakuliendesha tena. Upande wa kushoto, pale penye taa, kuna tundu tupu hadi leo. Niliunganisha betri yangu, nikawasha, na taa ya kulia ikaniangalia gizani. Nilikaa juu ya ndoo nikachora palepale: uso wa gari tu, weusi nyuma yake, taa moja inawaka na nyingine haipo. Chini nikaandika jina la mchezo kwa herufi nene.

Safari hii Mzee Väinö aliweka kikombe chini. "Hilo limegongwa," alisema, "na linamngoja mtu." Eetu akaniuliza nimelipataje wazo la tundu. Nikamwambia nimelibuni mwenyewe.

Mchezo ulitoka Januari na watu wanaununua. Mkewe Eetu sasa anatuletea mikate ya mdalasini pale kiwandani. Wageni kutoka nchi nisizozijua wanaandika chini ya ile picha, na mmoja alisema amenunua ili tu alifungie gari hilo taa. Kila wakinisifu, nafunga kompyuta. Nimefika sasa pale nilipokuwa napazungukazunguka tangu mwanzo wa barua.

Jarkko, si wewe uliyevunja ile taa. Ni mimi.

Ule mkesha wa Juhannus, nyote mkiwa kwenye moto wa sikukuu kule ziwani, nilichukua gari. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nilitaka kujua tu. Nilivuta kiti mbele ili miguu ifike, nikaenda hadi kona ya kina Rintala, nikaligonga lile jukwaa la madumu ya maziwa kando ya barabara. Nililirudisha bandani, nikaacha ufunguo umo ndani, nikapanda kulala. Wewe ulirudi umelewa, ukaogopa kuingia ndani na harufu ya pombe, ukajilaza kiti cha nyuma. Asubuhi Baba akakukuta humo. Alikuuliza umegonga nini, ukasema hukumbuki, na hukukumbuka kwa sababu hakukuwa na cha kukumbuka. Nilikuwa nimesimama mlangoni aliposema, "Mtu asiyekumbuka alichokigonga, kesho ataua mtoto wa watu." Uliondoka vuli ile. Hukunywa tena, na hukushika tena usukani. Miaka ishirini na miwili unangoja basi kwenye baridi kwa ajili yangu, na mimi nilijua.

Ningetamani iishie hapo. Jumapili iliyopita nilikuwa napanga vitu vya bandani, na nyuma ya makopo ya rangi nikakuta boksi limefungwa kwa gazeti la Aprili, mwaka uliofuata baada ya wewe kuondoka. Ndani mna taa mpya ya kushoto, haijaguswa. Juu ya kifuniko, kwa kalamu yake ya useremala, Baba ameandika jina. Nilidhani ni lako. Ameandika SIRKKU.

Nilikwenda nikafungua mlango wa gari. Kiti cha dereva bado kimevutwa mbele, kwa kipimo cha miguu ya msichana, na hakuna aliyekigusa. Baba aliona, Jarkko. Sijui aliona lini, lakini ilipofika Aprili alikuwa anajua. Alinunua taa akakaa kuningoja niseme, na mimi nikakaa kungoja asahau, na tukala meza moja hadi alipokufa. Hakuna kati yetu aliyekuandikia. Nina hasira naye kuliko ninavyoweza kuandika, halafu nakumbuka mimi ni nani wa kumkasirikia.

Jana niliifunga ile taa. Skrubu nne na waya mbili. Ilichukua robo saa.

Kisha nilikwenda kwenye mkahawa wa kituo cha mafuta nikawaambia wote, Väinö na wenzake, na Eetu pia, nani alikuwa kwenye usukani siku ile. Väinö aliniambia nikwambie kwamba alikusema vibaya wakati wa mazishi, na anaomba umwie radhi. Picha dukani imebaki na taa moja, maana si ya kwangu tena.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ufunguo wa gari nimeuweka humu kwenye bahasha. Ni wako, na haki ya kuushika ilikuwa yako siku zote, ukitaka kuutumia au kuutupa mgodini. Kiti sijakisogeza.

Nisalimie mwenye nyumba wako, yule mama anayekutunzia mboga, na ujifunge kitu cha joto kiunoni unapotoka alfajiri. Usiponijibu nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa naendesha,

Sirkku