Mayu, Ulivyoufundisha Upya Mkono Wako

Mayu, mama yangu,

Asubuhi ile ulipoanguka jikoni kwetu Bariadi, uji ukiwa bado unachemka, nilidhani umeteleza. Nilipokuinua, mkono wako wa kulia ulining'inia na mdomo ulikuwa umepinda. Hospitali wakasema ni kiharusi. Ulikuwa fundi cherehani, Mayu, na nusu ya mtaa ilivaa nguo zilizopita kwenye mkono ule.

Nilikurudisha nyumbani nikaapa hutahangaika tena. Nilikulisha, nikakuvalisha, nikakuchana nywele. Ulipotaka kushika kikombe, nilikuwahi. Nilijiona mtoto mwema kuliko wote Simiyu.

Kiswahili kilikuwa kimekukimbia chote. Yalibaki maneno machache ya Kisukuma, na kila aliyeingia ulimwamkia "mwangaluka" kama vile ni asubuhi, hata jua likiwa linazama. Wageni walikuonea huruma. Hukuipenda ile huruma. Niliona machoni mwako, nikajifanya sijaona.

Ndipo akaja yule dada wa mazoezi tiba, mwenyeji wa Tanga aliyehamishiwa huku. Alinikuta nakulisha ugali.

"Mama hana mkono?" akaniuliza.

"Anao, ila umekufa."

"Haujafa. Ubongo umepoteza njia ya kuufikia, na unaweza kutengeneza nyingine. Lakini hautaitengeneza kama mkono haupewi kazi. Dada, unampenda mama mpaka unamlemaza."

Nilikasirika, hata maji sikumpa. Akaufunga kwa kanga mkono wako wa kushoto, ule usio na tatizo, akamwaga choroko mezani, akakuambia uzihamishie kwenye bakuli moja moja, kwa mkono mbovu. Siku hiyo hukuhamisha hata moja. Ulitoka jasho, ukalia. Nikainuka nikufungue ile kanga. Ukanisukuma kwa bega.

"Niache!"

Kwa Kiswahili! Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nalia huku nacheka.

Baada ya hapo nilikuacha kweli. Choroko ya kwanza ilifika bakulini, zikafuata nyingine, kisha vifungo, kisha uzi. Siku ulipotunga sindano hukumwita mtu. Nilikukuta tu unakunja pindo la sketi ya shule ya mtoto wa jirani, mishono imepinda kama njia ya ng'ombe. Ukaniambia polepole, "Usiangalie mshono. Angalia mkono."

Mwaka wa pili huu tangu tukulaze Lalago, kando ya kaburi la Baba. Nilifikiri nitakukumbuka kwa kilio, lakini kinachonijia mara nyingi ni ile "Niache!", na kila ikinijia natembea nimenyooka zaidi. Watu wanaposikia mtu kapata kiharusi, siku hizi wananiita. Naenda bila woga.

Wiki iliyopita niliitwa Maswa. Nilimkuta mama mmoja anamfunga mumewe vifungo vya shati. Nikamwomba akae nami, tumngoje mzee afunge mwenyewe. Kifungo kimoja kilichukua muda wa chai kupoa. Yule mama aling'ata ncha ya kitenge chake, lakini hakuinuka.

"Mama yako alipona kabisa?" akaninong'oneza.

Sikumdanganya. Nilimwambia vidole viwili havikurudi, na mguu uliuburuta mpaka mwisho. Kisha nikamwambia kuwa gauni tulilokuzika nalo ulilishona mwenyewe.

Pumzika, Mayu. Huku naendelea kuwakalisha chini wenye huruma.

Ni mimi, binti yako mwenye haraka.