Ubao Juu ya Samadari

Jumatatu, 4 Agosti

Mgongo umekataa. Nimepiga pasi vipande ishirini na vinne vya leso juu ya kile kiubao chembamba cha pasi, na vyote vimetoka vimepinda. Kitambaa kikining'inia pembeni, uzito wake unavuta mshono. Na leso ni nyepesi, inavutika ukiitazama tu.

Kushona naweza. Kwilti, blanketi la vipande vilivyounganishwa, ya kitanda kizima ndiyo sijawahi. Lakini Mama ameitaka kwa kinywa chake, jioni moja kabla hajaanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Alinifungulia sanduku lake la leso, akasema nizikate, nizishone ziwe blanketi moja, alilalie angali hai. Kwetu mtu akifa, leso zake wanagawana wanawake wa familia, na hapo ndipo ugomvi huanza. Bibi alipofariki, Mama na Mamdogo Zuwena hawakusemezana miaka miwili kwa ajili ya leso moja ya kisutu!

"Kata zote," Mama alisema. "Usibakize hata moja. Ukibakiza moja, watagombania hiyo hiyo."

Wiki ya tatu sasa yuko Upper Hill, hospitali. Nyonga wameitengeneza, kifua ndicho kinachosumbua. Mimi nakata. Nimechoka.

Jumanne, 5 Agosti

Nimenunua plaiwudi kwa wauza mbao pale Corner, iwe ubao mpana wa pasi. Gerishon, fundi wa vitanda, akaibeba mpaka mlangoni na hapo tukakwama. Ngazi zetu zina kona, plaiwudi haina kona. Jirani yangu Peres akatoka kutazama, sufuria mkononi.

"Mama Zaki, hii kitu inaingia aje hapa?"

Haiingii. Gerishon akaikata hapo hapo uani, futi nne kwa sita, ikapanda. Tukailaza juu ya meza ya kulia. Meza inatikisika ukiweka pasi tu. Gerishon akasema, "Mathe, hii meza imezeeka, itakuangusha na pasi ya moto." Nikamwambia aiache tu. Kesho nitaona.

Niliporudi kutoka hospitali sikuwa na nguvu hata ya kupika. Mkate na chai.

Jumatano, 6 Agosti

Ujinga wa leo: nimetandika ubao kwa blanketi la manyoya ya bandia, lile laini la dukani. Kuweka pasi tu — likayeyuka. Limeganda chini ya pasi kama ulimbo, na harufu imefika kwa Peres. Nimekwangua pasi saa nzima kwa kisu cha siagi.

Blanketi la sufu safi nyumba hii ni moja tu. La Mama. La kijivu, Baba alipewa kazini reli. Nilisimama nalo mkononi muda mrefu. Nikajiambia blanketi halikatwi, linakunjwa tu juu ya ubao. Akirudi nalitoa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata mahali! Samadari ya Mama, kile kitanda chake cha zamani. Upana futi nne, urefu sita, na ile miguu yake mirefu inaufikisha ubao kiunoni pangu. Mama hupanda kwa kijibao, sisi humcheka kila siku. Leo miguu ile imenifaa.

Gerishon amekuja kunisaidia. Tumeliondoa godoro, tukalisimamisha ukutani. Ubao ukakaa juu ya fremu, hauchezi wala hautikisiki. Juu yake blanketi la sufu, limekunjwa mara mbili. Juu ya blanketi, kitambaa cheupe cha marekani, nimekivuta pande zote nne na Gerishon akakipiga pini kwa chini. Kimenyooka tuli.

Nimepiga pasi mpaka stima ilipopotea. Huisugui, unaiweka, unahesabu, unainyanyua. Mraba ukilala hapo unabaki mraba. Nilikaribia kulia kwa raha. Ubao tu, jamani.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya aibu.

Saa saba mchana nilikuwa kwa Mama, namlisha uji. Simu ilikuwa imeisha chaji kwa sababu stima haikurudi usiku. Wakati huo huo ndugu yangu Hemed, baada ya swala, akapita kwangu kuleta maziwa. Ana ufunguo wake. Akaingia chumba cha Mama.

Akaona nini? Godoro limesimama ukutani. Samadari imetandikwa kitambaa cheupe, kimevutwa, hakina mkunjo. Na leso za Mama zote ziko chini, mafungu mafungu, kila rangi na fungu lake.

Kwetu godoro halisimamishwi ukutani ovyo. Tulilisimamisha siku tuliyomtoa Baba kwenda kuzikwa. Walilisimamisha kwa Bibi. Najua! Nimelijua tangu utoto, na jana sikulikumbuka hata kidogo.

Hemed akanipigia, simu haipatikani. Akampigia Mamdogo Mombasa. Mamdogo akaandika kwenye grupu ya familia. Basi, imekwisha. Watu wametuma rambirambi kutoka Malindi mpaka Doha — hata mwanangu Zaki huko huko, mtoto wa mtu, analia kazini kwa watu.

Mimi narudi na chupa yangu tupu ya uji, nakuta viti vya plastiki kwenye ngazi. Peres amejifunga leso kiunoni, anachemsha chai kwa sufuria kubwa.

"Pole sana, Mama Zaki. Tumeskia. Wamama wa ploti wameshachanga maziwa."

Pole ya nini? Nilikuwa nimemwacha saa moja tu nyuma, amenilalamikia uji hauna sukari. Lakini kwa dakika nzima niliamini. Niliamini wao wanajua na mimi ndiye sijaambiwa. Nikakaa kwenye kiti kimojawapo.

Hemed nilimkuta sakafuni, kichwa amekilaza kwenye ukingo wa ubao wangu. Mwanamume wa miaka hamsini na moja. Nilipomwambia Mama yuko hai, alinitazama kwa hasira kwanza, kisha akacheka, kisha akarudi kulia. Akaniuliza nimewezaje kumfanyia Mama hivi kitanda chake. Nimesema nilichoka.

Kuchoka ni kweli. Lakini kuna jingine, naliandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma: naogopa mikono yangu ilijua inachofanya. Kwamba nimeshamkatia tamaa, nami sijajiambia.

Chai tumeikunywa. Ingeharibika.

Jumamosi, 9 Agosti

Mamdogo Zuwena amefika alfajiri. Habari kwamba dada yake yu hai ilimkuta Mtito Andei usiku, simu yake ilikuwa imezimika, na basi haligeuzwi. Ana begi moja, udi na ubani ndani. Amenisuta mlangoni, amenisuta jikoni, amenisuta nikimpa mahamri. Ni haki yake.

Kisha akaingia chumbani, akapekua mafungu. Akatoa kipande chekundu.

"Hii yangu. Nilimwazima harusi ya Hemed. Nikamwuliza, akaniapia hajui iko wapi."

Nilidhani ugomvi umeanza upya. Akakigeuza geuza kile kipande, akakilaza juu ya ubao, akaomba pasi. Amepiga pasi mpaka adhuhuri. Amenionyesha kunyunyizia maji ya wanga, kidogo tu, na kungoja yanywe kabla ya moto. Ana miaka sabini na minne, na mgongo wake haulalamiki. Wangu umelala.

Hakugusa godoro. Hakuna aliyeligusa.

Jumapili, 10 Agosti

Tumekwenda sote watatu. Nilitaka tumfiche Mama, Mamdogo akamwambia kabla hata hajakaa. Mama akacheka mpaka kifua kikamshika na muuguzi akaja mbio. Alipotulia akauliza nani walikuja.

Tukamtajia.

"Na nani hawakuja?"

Hao aliwataka kwa majina. Kisha akauliza kama Hemed alilia. Nikasema alilia, mpaka kamasi. "Vizuri," akasema, huku akimtazama Hemed.

Tulipokuwa tunaondoka alinivuta mkono. Mkono wake ni mwepesi sana sasa. Akauliza kwilti imefika wapi. Nikasema upande wa juu unakaribia kuungana, bado wa nyuma.

"Fanya upesi, Saleha. Nataka kuilalia mimi, si kufunikwa nayo nikifa."

Nataka arudi. Sitaki kingine.

Jumanne, 12 Agosti

Leso ya mwisho imekatwa. Ile yenye nakshi ya korosho, aipendayo Mama. Nilitaka kuibakiza, Mamdogo akanikumbusha maneno ya Mama. Nikakata.

Macho hayaoni tena. Nalala.

Alhamisi, 14 Agosti

Saa nne asubuhi. Naandika nimesimama, daftari liko juu ya ubao.

Upande wa juu umekamilika. Tumeutandaza sasa hivi, umefunika samadari yote ukaning'inia pande zote. Nilikuwa napiga pasi mshono wa mwisho simu ikalia. Muuguzi.

"Mama, mnaweza kuja saa hii? Na mkuje na leso yake. Ile anapenda."

Nikauliza ya nini. Akasema, "Kujeni tu, daktari ataongea na nyinyi." Akakata. Sikuuliza kama ni Mama mwenyewe aliyeitaka. Kwa nini sikuuliza?

Hemed anasema ni ya kumfunga aje nyumbani, anasema wagonjwa wa nyonga huachiwa hivyo, ghafla, kitanda kikihitajika. Anasema mara ya tatu sasa. Mamdogo alifungua begi lake, akatoa leso yake nzuri kuliko zote, akanipa. Nikamwambia wametaka yake.

Yake haipo. Sanduku nimelifungua nikijua halina kitu. Nyumba nzima hakuna leso ya Mama iliyo nzima. Ile ya korosho iko vipande kumi na sita, na vyote viko hapa mbele yangu, katikati ya kwilti.

Nimechomoa pasi. Nimeikunja kwilti ilivyo, bila kitambaa cha nyuma, nyuzi zinaning'inia. Bado ina joto. Nitaenda nayo hivyo hivyo.

Hemed amewasha gari, yuko chini anapiga honi. Nilidhani Mamdogo ametangulia. Hajatoka. Ameung'oa ubao, peke yake, ameuegemeza mlangoni; daftari nimelihamishia juu ya sanduku. Sasa ameshika godoro ukutani kwa mikono miwili, ananiita nishike upande wa pili tulishushe kwanza, Mama asilikute limesimama —