Moshi Ulioingia Kwenye Kimea

Tunduma, Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa wachukuzi waliotoka Isongole, na nimefurahi kusikia mguu wako umepona na ulezi umekubali mwaka huu. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio wenye hasira, na sababu yake nitakueleza. Mwalimu, wewe unayemsomea mama, nakuomba usome kila neno, hata pale pa pombe, ingawa kanisa linaikataza. Usiruke.

Mama, umeniambia nikubali tu, niseme niliiba, ili kazi isipotee. Najua umesema kwa uchungu wa mzazi. Lakini nilikuandikia kwa haraka, habari ikakufikia nusu. Sasa sikiliza yote.

Huyu Bwana wa Forodha ninayempikia hapa mpakani aliletewa chupa ya wiski kutoka kisiwa cha kwao. Siku hiyo alikuwa na mgeni, mzungu mwenye shamba la kahawa. Mgeni akapiga funda moja, akakunja uso, akasema inanuka dawa ya kidonda, bila shaka pipa liliungua. Bwana akaudhika. Mimi nilikuwa naondoa sahani, harufu ikanijia, nikasema bila kuulizwa, "Si pipa. Ni kimea kilichokaushwa juu ya moshi."

Mdomo huponza kichwa. Mgeni akauliza nimejuaje ikiwa siinywi. Bwana akacheka, akamimina kidogo kwenye bilauri, akadondosha maji kidogo, akanipa. Sheria inatukataza sisi Waafrika pombe kali za Kizungu. Wao waliijua, na mimi niliijua. Nikapokea kwa mikono miwili.

Sikuimeza haraka, mama. Nilinusa kwanza, kama ulivyonifundisha kunusa kimea kabla ya kukisaga. Moshi ulitangulia, mzito, wa kitu kibichi kilicholazimishwa kuwaka. Ulimini ikauma kama pilipili, kisha ikaja chumvi kwa mbali, kama ile ya Ivuna ikiwa bado ina majivu. Nikangoja. Ukali ulipopoa, ukaja utamu wa nafaka iliyochipua, na moshi ule ukabaki kooni hata baada ya kumeza. Ni pombe nzuri. Sitasema uongo ili kumfurahisha mtu.

Unakumbuka masika yale jua lilipogoma, ukaanika kimea kichanjani juu ya moto wa kuni mbichi? Watu waliokuja kutusaidia kulima walikunywa wakaguna, wakasema chungu kimeungua. Ukawajibu kwamba chungu kikiungua, ladha yake huishia mdomoni, lakini moshi ukiingia kwenye kimea hautoki, hata uchuje mara saba. Basi nikawaeleza wazungu wale maneno hayohayo. Bwana akainusa bilauri yake. Kisha akasema kwao shayiri huoteshwa, ikakaushwa juu ya moto wa udongo mweusi unaochimbwa kwenye mabonde yenye maji, maana kuni ni haba. Babu yake alifanya kazi hiyo, na tangu aje huku hajapata mtu wa kuitambua ladha ile. Akanipa mkono, mama, mbele ya mgeni wake.

Mkono ule haukudumu. Mgeni aliondoka na hasira ya kusahihishwa na mpishi, akapeleka habari bomani kwamba Bwana wa Forodha anawanywesha wapishi. Barua ikaja kutoka bomani. Bwana akanifuata jikoni, hakunitazama usoni. "Sema uliiba funda moja," akasema. "Nitakuombea adhabu iwe ndogo, na kazi utaendelea nayo. Ukikataa, utaondoka bila cheti cha kazi." Akaniambia nifikiri mpaka mwisho wa mwezi.

Nawe unasema neno ni upepo, tumbo ndilo linalobaki likidai. Nimekuheshimu tangu nizaliwe, mama, lakini hapa nakataa. Nikisema niliiba, watu watasema mpishi wa Isongole aliijua ladha ile kwa kudokoa chupa ya bwana wake. Sikuijulia kwenye chupa. Niliijulia jikoni kwako, na ulichonifundisha wewe hakitaitwa wizi mimi nikiwa hai.

Leo asubuhi nimemjibu. "Bwana, ulinipa, nikapokea. Wakiniita bomani, nitasema hivyo." Akasema sitapata kazi kwa mzungu yeyote kutoka hapa hadi Mbeya. Nikasema sawa. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na mimi niwaambie nini?"

"Waambie kweli," nikamjibu. "Mimi imeninyima kazi. Wewe itakunyima nini?" Nikavua aproni yake nikaiweka mezani.

Keshokutwa naanza safari kwa miguu. Nakuja bila cheti. Watu wakikuuliza, usiwaambie nimepewa likizo. Waambie nimefukuzwa, na sababu uwaambie.

Nisalimie baba mdogo anayetuchungia ng'ombe, dada yangu na mumewe, na bibi, umsemeshe kwa sauti maana masikio yake yamechoka. Mwalimu, asante kwa kusoma. Nawe uwafikishie wazee wa kanisa neno hili: Jumapili nitakayofika nitasimama mbele yao mwenyewe. Kuonja, nitaungama. Kuiba, wasinitajie.

Ni mimi mwanao,
Yotamu